Siku Picha Ziliporudi Ukutani

Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa Kisomali, na kila Ijumaa mchana hufukiza ubani. Moshi hupenya chini ya mlango wake, ukatambaa ukumbini hadi kwenye lifti, na wapangaji wengine hunung'unika. Mimi sinung'uniki. Lakini wiki jana milango ya lifti ilipofunguka na harufu ile ikanipiga usoni, mikono yangu ikiwa imejaa mifuko ya sokoni, nilishindwa kutoka. Milango ikajifunga, lifti ikanirudisha chini. Nilibaki mle ndani nikipanda na kushuka kama mtoto mtundu, kwa sababu ghafla nilikuwa na miaka saba tena, nimesimama kwenye theluji bila viatu, nami nilikuwa na hakika kwamba baba yangu atakufa.

Tuliishi Mount Dennis, mtaa mmoja wa Toronto nchini Kanada, kwenye ghorofa mojawapo ya zile za kando ya Weston Road. Wenzangu mliolelewa huko mtazikumbuka: lifti moja mbovu na nyingine inayosuasua, mchuzi wa kila taifa ukinukia ukumbini, na wazazi wakikwangua kadi za simu kwa sarafu ili waongee na nyumbani kwa dakika chache kabla sauti haijakatika. Mama alifanya kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba ya wazee. Baba alikuwa kwenye kiwanda cha vyakula vya barafu, na alirudi jioni akiwa amejikunja kwa baridi hata mwezi wa saba.

Watu hushangaa nikiwaambia kwamba tulikuwa Waorthodoksi. Hudhani huo ni Ukristo wa Wagiriki na Warusi peke yao. Lakini kwao mama, kwenye miinuko ya Nyeri, na kwao baba, Magharibi mwa Kenya, kuna makanisa ya mabati ambamo watu husali ibada ile ile waliyoiimba Wabizanti, wale Warumi wa mashariki ambao mji wao mkuu ulikuwa Konstantinopoli, ila sasa inaimbwa kwa Kikuyu, kwa Kiluhya na kwa Kiswahili. Toronto tulikuwa tukipanda basi, kisha treni, hadi kanisa la Wagiriki upande wa mashariki wa mji. Mimi nililala mapajani mwa Mama chini ya dari ya dhahabu, na Wagiriki wazee walinibana mashavu.

Kisha Baba akaacha kwenda. Hakutueleza. Jumapili moja alivaa suti akaondoka na rafiki yake wa kazini kwenda kanisa la waliookoka, lililokuwa ndani ya ghala la zamani karibu na reli. Akarudi mchangamfu, macho yakiwa mekundu. Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na makanisa mawili.

Hapo ndipo Shosho alipokuja kutoka Nyeri, mama yake Mama, kukaa nasi msimu mmoja ili anitunze wazazi wakiwa kazini. Kabla ya kuja kwake nilikuwa nikikielewa Kiswahili lakini nikijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa jengo letu. Kiingereza cha Shosho kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo ilinibidi nikizungumze. Nilikizungumza vibaya na kukisikia vibaya zaidi, na mengi ya yale yaliyonitesa majira yale yalitokana na kusikia vibaya.

Kuja kwake hakukuwa jambo rahisi kwa Baba. Kwa mila za kwao, mama mkwe halali nyumbani kwa mume wa bintiye. Lakini hapa, angelala wapi? Basi Baba alikubali, na heshima iliyobaki akaiweka yote kwenye mlango wa chumba chetu, mimi na Shosho. Hakuwahi kuuvuka. Akinitaka, aliita kutoka ukumbini. Akimletea Shosho dawa ya miguu, aliiweka sakafuni, akabisha, akaondoka.

Shosho alikuja na picha takatifu nne, amezifunga ndani ya leso katikati ya sanduku. Tatu zilikuwa za kununua. Ya nne, ya Mama wa Mungu na mwanawe, iliyochorwa juu ya ubao wa mwerezi, ilikuwa kazi ya mikono ya marehemu babu yangu. Alikuwa seremala aliyefundishwa kuchora na mtawa mmoja mgeni. Mama wa Mungu wa babu alikuwa na rangi ya chai ya maziwa na mkunjo mmoja katikati ya nyusi, kama mtu anayejaribu kukumbuka kitu. Mama yangu alizipigilia zote ukutani, juu ya meza ya kulia. Kwa wiki chache tulikula tukitazamwa.

Jumamosi moja Baba alizitoa. Sikumbuki kelele yoyote. Nakumbuka alivyotumia bisibisi kuchomoa misumari taratibu ili asibandue rangi ya ukuta, akazifunga moja moja kwa magazeti, akaja nazo hadi mlangoni petu.

"Mama," akasema akitazama pembeni, "samahani sana. Ukutani hapana. Zikae kwako mpaka siku ya safari yako."

"Zimekukosea nini, Baba Tasia?"

"Ni sanamu, Mama. Mimi sitaki sanamu nyumbani mwangu."

Shosho alizipokea kwa mikono yote miwili. Akazirudisha sandukuni, akalisukuma chini ya kitanda chake. Jioni hiyo Mama alipika, akapakua, akaketi akiangalia yale matundu manne ya misumari.

Kuanzia hapo Shosho akaanza kunisimulia habari za mfalme. Alisimulia akimenya viazi, akinisuka, akichagua maharagwe. Alizijua kutoka kanisani, kwani kila mwaka Jumapili ya kwanza ya Kwaresima kanisa letu husherehekea picha takatifu kurudi makanisani, na padri wa kijijini kwao alikuwa hodari wa kuhutubu. Alianza hivi: "Hapo zamani, kule Mjini..." Nami nilidhani Zamani ni mahali, kama Nakuru au Pickering alikokaa binamu yake Mama. Nilimuuliza kama basi linafika huko. Akacheka, akasema basi lilishaondoka. Nikaelewa kwamba tumelikosa leo na kesho tunaweza kujaribu tena.

Mfalme wa huko Mjini, yaani Konstantinopoli, alikuwa mtu wa haki, alisema Shosho. Alitembea sokoni mwenyewe akisikiliza malalamiko ya watu. Alipenda mitambo: alitengenezewa mti wa dhahabu wenye ndege wa dhahabu walioimba bila kuguswa. Mimi nilimjua mtu wa namna hiyo. Baba aliweza kufufua redio yoyote, na majirani walimletea pasi na feni zao zilizokufa.

"Lakini nchi ilikuwa inapigwa vitani kila upande," Shosho akaendelea. "Na mlima ukatapika moto baharini, jivu likafunika maji. Mfalme akajiuliza, tumemkosea Mungu wapi? Akatazama ukutani, akaona picha. Akasema, basi ni hizi, zitolewe."

"Ni hizo kweli?"

"Alikuwa ameogopa tu, mama yangu. Shika hiki kiazi."

Nilipokuwa mkubwa nilisoma habari hizi kwa utulivu na kuona jinsi Shosho alivyoziminya. Mlima uliotapika moto ulikuwa wa wakati wa mfalme Leo, na aliyependa mitambo alikuwa mfalme Theofilo, na kati yao ilipita miaka zaidi ya mia, wafalme kadhaa, na kipindi kizima ambacho picha zilirudi kisha zikatolewa tena. Shosho aliwafanya wote mtu mmoja. Mimi nikampa mtu huyo uso, na uso niliokuwa nao karibu ulikuwa wa Baba.

Malkia Theodora, mkewe, hakuziacha picha. Alizificha. Siku moja mchekeshaji wa ikulu alimfumania akizibusu, naye akamwambia kwamba ni wanasesere wake. Shosho alilipenda sana jambo hilo. Baba akiwa kazini, alivuta sanduku na kuniambia, "Njoo tuwasalimie wanasesere," na mimi nikambusu Mama wa Mungu wa babu kwenye mkunjo wa nyusi. Lakini habari nyingine sikuipenda hata kidogo. Palikuwa na mtawa mchoraji, Lazaro, aliyeendelea kuchora kwa siri, na mfalme akaamuru aunguzwe viganja kwa chuma cha moto. Baba alipiga pasi suti yake kila Jumamosi alasiri. Kuanzia wiki hiyo nilijifunza kukaa chini ya ubao wa kupigia pasi, kati yake na Shosho, bila kusema kwa nini. Siku moja Shosho alinyoosha mkono kumshikia ukosi wa shati, nikapiga yowe hata Baba akaichomoa pasi ukutani.

"Huyu mtoto ana nini?" akauliza.

Kumwambia Baba kuwa ninajua yeye ni mfalme kungekuwa kulisaliti sanduku.

"Halafu?" nilimuuliza Shosho jioni ile. "Mwishowe inakuwaje?"

"Mwishowe mfalme akafa," akasema, "na picha zikarudi ukutani." Akajifanyia ishara ya msalaba, akaenda kuonja maharagwe.

Kwangu mimi hiyo haikuwa habari ya jambo lililopita, kwa sababu Zamani ilikuwa mahali, na mambo ya mahali hapo yalikuwa bado yanaendelea. Baba alikuwa na kikohozi tangu Krismasi. Nilianza kukisikiliza kwa makini, na kumtazama Shosho wakati Baba akikohoa, nikitafuta usoni mwake kama anangoja.

Jumapili ya kwanza ya Kwaresima ilifika, Mama akiwa zamu na Baba akiwa ghalani kwake kusali. Hakukuwa na wa kumpeleka Shosho kwa Wagiriki. Alivaa nguo yake nzuri, akawapanga wanasesere kwenye ukingo wa dirisha la chumba chetu, akawasha kipande cha mkaa kwenye kifuniko cha kopo, akatia ubani. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa plastiki kwa ajili ya baridi. Moshi ulipanda, ukajaa, ukageuka wa buluu mbele ya mwanga, na Shosho akaimba kwa Kikuyu kwa sauti niliyokuwa sijawahi kumsikia nayo. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi sana kwa muda mfupi ule.

Kisha king'ora kikalia. Si chetu peke yake, jengo zima. Shosho aliganda. Mtu akagonga mlango akipaza sauti kwa Kiingereza, tutoke, tutoke. Shosho alitupa maji kwenye mkaa, akazizoa picha akazitia sandukuni, akanishika, tukashuka ngazi pamoja na watu waliobeba watoto na paka, hata bibi harusi mmoja ambaye nywele zake zilikuwa nusu zimesukwa. Nje theluji ilikuwa bado haijayeyuka. Nilikuwa na soksi tu.

Magari ya zimamoto yalikuja mawili, na nyuma yake, kwa miguu kutoka kituo cha basi, akaja Baba na suti yake. Nilimwona akikimbia. Alipofika hakuuliza kitu, alininyakua akaiingiza miguu yangu kwapani mwake. Ndipo akamwona Shosho, na sanduku kifuani pake.

"Umebeba hizo," akasema polepole. "Umebeba hizo, Mama, na mtoto hana viatu."

"Nilimshika mkono."

"Hana viatu!"

Ninavyokumbuka mimi, mkono wake haukuniachia tangu mlangoni hadi barabarani. Lakini ni kweli sanduku lilikuwa na kamba iliyofungwa vizuri, kazi inayotaka mikono miwili, na mimi sikuwa na viatu, na Baba aliona alichokiona. Alinishusha juu ya ngazi ya gari la zimamoto, akavua koti lake zito, nikadhani ananivika mimi. Alimvika Shosho. Alimfunga na vifungo hadi shingoni, bila kumtazama, halafu akasimama na shati lake jembamba mpaka tuliporuhusiwa kurudi ndani, akikohoa.

Msimamizi wa jengo alimfokea Baba mbele ya watu. Baba akasema samahani mara nyingi. Jikoni jioni ile, mimi nikiwa nimejificha nyuma ya friji, aliongea na Mama.

"Jumamosi aende Pickering kwa binamu yako. Akae huko mpaka safari yake."

"Ni mama yangu."

"Najua ni mama yako. Sijamvunjia heshima hata siku moja."

"Basi sema kwa nini. Hizo picha ulizikuta kwenu, ulibatizwa mbele yake. Zimekufanya nini?"

"Wewe ukiwa hospitali," akasema, "nilisimama mbele ya picha ya Mama wa Mungu kwa Wagiriki. Kila siku baada ya kazi. Niliomba kama mtoto mdogo. Nikaahidi kila kitu. Alinitazama tu. Alinitazama, na mtoto akaenda."

Mama alianza kulia. Mimi nilifarijika kidogo, maana habari ya mtoto niliijua. Mwaka uliopita Mama alikuwa na tumbo kubwa, akaenda hospitali, akarudi bila tumbo na bila mtoto, na nilipouliza nikaambiwa mtoto amebaki huko. Tangu hapo nilikuwa nikingoja akue atoke. Ameenda, nikawaza, labda wamempeleka ghorofa nyingine.

Jumamosi haikufika. Jumatano Baba alianguka kazini. Gari la wagonjwa lilimchukua kutoka kiwandani, Mama akaenda moja kwa moja kutoka kazini kwake, na nilipotoka shule nilimkuta Shosho langoni kama kawaida, amevaa koti la Baba. Alisema Baba ana maji kwenye mapafu na wanamtibu. Alinishika mkono kwa nguvu, na njia nzima midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti.

Alifungua mlango wa nyumba. Nikaingia, nikainua macho.

Picha zilikuwa zimerudi ukutani. Zote nne, kwenye matundu yale yale, na chini yake mshumaa ndani ya bilauri.

Nimejaribu mara nyingi kueleza hali ile na sijawahi kufaulu. Sikulia. Niliketi pale mlangoni na mkoba mgongoni.

"Amekufa," nikasema.

"Nani?"

"Baba. Umezirudisha. Mfalme amekufa, umezirudisha."

Shosho alinitazama, akatazama ukuta, akanitazama tena. Niliona jambo likimwingia kidogo kidogo, na jinsi lilivyomzeesha. Akapiga magoti, mwanamke mzima mwenye miguu mibovu, akanishika uso.

"Tasia. Baba yako hajafa. Yuko hospitali, anapumua. Nimezitundika nimwombee. Nimwombee apone, unasikia?"

Sikusikia. Nilikuwa nimeanza kupiga kelele sasa, nikisema zitoe, zitoe, zitoe. Shosho akainuka. Alizitoa moja moja. Ya babu aliitoa mwisho, akaishika kidogo mbele yake, kisha akailaza juu ya meza, uso chini, nami najua leo kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuilaza picha hiyo namna ile. Akauzima mshumaa kwa vidole.

"Haya," akasema. "Vaa viatu. Twende ukamwone."

Shosho hakuwahi kupanda basi la Toronto bila Mama. Hakujua hospitali iko wapi, ila jina lake, ambalo Mama alimtajia kwa simu, herufi moja moja, akaliandika kiganjani kwa kalamu. Nilimsomea vituo. Alimwonyesha dereva kiganja, dereva akaitikia kwa kichwa, akatushusha panapotakiwa, akatuelekeza kwa mkono.

Baba alikuwa amelala na mpira wa hewa puani. Alionekana mwembamba kuliko asubuhi ile. Nilimgusa mguu juu ya blanketi, ukasogea, na hapo ndipo nilipolia. Mama, aliyekuwa kando ya kitanda, aliduwaa kutuona.

Shosho hakukaribia. Alisimama penye pazia. "Baba Tasia," akasema, "leo nilizirudisha ukutani. Nikazitoa tena. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa mtoto."

Kisha akaeleza yote: mfalme, sanduku, wanasesere, pasi, nilichokidhani. Aliyaeleza kwa sauti ya mtu aliye mbele ya wazee wa kijiji. Baba alimsikiliza akiwa amefumba macho. Nilipodhani amelala, akauliza, kwa sauti iliyokwaruza, "Na huyo mfalme alikufa kwa nini?"

Shosho alisita. "Alihara."

Baba akaanza kucheka. Alicheka akakohoa, akacheka tena, hadi muuguzi akaja mbio na Mama akaanza kucheka naye huku amejiziba mdomo. Shosho pia. Sikuwa nimewaona watatu hao wakicheka pamoja tangu Shosho aje.

"Lakini sikumwambia yote," Shosho akasema walipotulia. "Malkia hakukubali picha zirudi hivi hivi. Aliwaambia maaskofu, kwanza mumsamehe mume wangu. Akaapa kwamba mumewe alitubu kitandani kabla ya kufa. Wengine walisema anadanganya. Hakujali."

"Alidanganya?" Baba akauliza.

"Mimi sijui. Alikuwa mumewe."

Niliwaona wote wametulia, nikaona ni wakati wa kuuliza jambo langu. Tulikuwa hospitali, baada ya yote.

"Mtoto yuko ghorofa gani?"

Mama alitoka. Nilimsikia ukumbini. Shosho akamfuata. Baba alinivuta nikapanda kitandani, mpira wa hewa ukinigusa sikio, akaniambia kwa Kiingereza, kwa sababu nadhani kwa Kiswahili asingeweza, kwamba mdogo wangu alikufa, kwamba hayuko ghorofa yoyote, na kwamba lilikuwa kosa la wakubwa kutoniambia. Nikamuuliza kama alikufa kwa sababu ya picha. Akasema, "I don't know, Tasia." Lilikuwa jibu la kweli, na lilinikaa kifuani miaka mingi.

Baba alipona. Habari ya Pickering haikuzungumzwa tena, na picha hazikurudi ukutani. Shosho alikaa nasi hadi majani yalipochipua, akarudi Nyeri na sanduku lake, na siku ya kuondoka Baba alimbebea hadi kwenye lango la uwanja wa ndege. Waliagana kwa kupeana mkono. Hawakuonana tena, Shosho alifariki nikiwa sekondari, na Baba alituma pesa za mazishi lakini hakwenda. Wazazi wangu waliendelea kuishi pamoja na makanisa yao mawili, mimi nikigawanywa Jumapili kwa Jumapili kama watoto wa waliotengana, na katika nyumba ile nilijifunza kutosema kila ninachokiamini. Sijaacha tabia hiyo, na sijui kama ni ya kujivunia.

Siku ile ya lifti, nilipofanikiwa kutoka, nilitafuta tena kitabu nilichosoma chuoni habari za Theofilo. Nilikuwa nimesahau mstari mmoja, au wakati ule niliupita bila kuuona. Yeye na Theodora walizaa watoto saba. Mmoja wa kiume, Konstantino, alikufa akiwa mchanga. Inasemekana alitumbukia kwenye hifadhi ya maji ya ikulu. Kitabu hakikusema zaidi, kikaendelea na vita.

Shosho hakuwahi kunisimulia hilo. Labda padri wake hakulijua.

Nilimpigia Baba. Anaishi bado Mount Dennis, amestaafu, hutengeneza redio ambazo hakuna azitakaye. Nilimwambia nilichosoma. Nilidhani atasema ni habari za watu wa kale, au atabadilisha mazungumzo, maana katika miaka hii yote hajawahi kumtaja mtoto yule tena, kwangu wala kwa mtu yeyote ninayemjua.

"Alikuwa na umri gani?" akauliza.

"Mdogo. Hawakuandika."

Nilimsikia akivuta pumzi, ile pumzi yake nzito iliyobaki na mkwaruzo tangu mwaka ule.

"Wetu tulimwita Luka," akasema.